Nukta ya Jumamosi na Kundi Lenu la Baiskeli

Ndugu yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na wote wa nyumbani kwako. Uliniomba nikueleze ule mchezo wa kukutana penye nukta ya bahati nasibu, na kama unaweza kulifaa kundi lenu la baiskeli. Unafaa, ila si kwa namna ulivyobuniwa. Ukiuchukua mzimamzima utawachosha watu wiki ya kwanza, na wiki ya pili utajikuta upo peke yako.

Mchezo wenyewe ulizaliwa Mei 2008 katika katuni ya mtandaoni ya Mmarekani Randall Munroe, na watu wakaukamata kwa dhati kabisa. Huchukuliwa tarehe ya siku, ikaunganishwa na namba ambayo kipimo cha hisa cha Dow Jones kilifungulia New York, kisha mfuatano huo ukapitishwa katika kanuni ya kompyuta iitwayo MD5, ambayo hutoa alama 32 zisizotabirika. Alama 16 za kwanza hugeuzwa kuwa desimali ya latitudo na 16 zilizobaki desimali ya longitudo, huku digrii kamili zikiwa zile za mahali ulipo. Watu hukutana hapo Jumamosi saa kumi alasiri. Hakuna aliyeichagua nukta hiyo, wala hakuna awezaye kuibadilisha, na kila anayekokotoa hupata ileile.

Shida ya kwanza kwa mwenye baiskeli ni ukubwa wa eneo. Digrii moja ya latitudo ni kilomita zipatazo 111, na karibu na ikweta mtu anayeishi katikati ya mraba wa digrii moja anaweza kupangiwa pembe iliyo umbali wa kilomita 78 kwa mstari ulionyooka, nawe unajua barabara hazinyooki. Kwa hiyo sisi tuliupunguza mraba: tunazidisha kila desimali kwa 0.2, tunatoa 0.1, kisha tunajumlisha jibu na latitudo na longitudo ya mahali tulipozoea kuanzia safari. Chukua mfano uliokuwa katika katuni yenyewe, ambao ulitoa desimali 0.857713 na 0.544544. Kwa hesabu yetu ya kwanza inakuwa 0.0715 na ya pili 0.0089, yaani takriban kilomita 8 kaskazini na kilomita moja mashariki ya mlipoanzia. Hiyo ni safari ya asubuhi moja, na hata nukta ikiangukia pembeni kabisa haivuki kilomita 16 kwa mstari ulionyooka. Mkiwa mbali na ikweta, kabla ya kujumlisha gawanyeni jibu la longitudo kwa kosaini (cos kwenye kikokotoo) ya latitudo yenu, kwa sababu digrii za longitudo husinyaa kuelekea ncha za dunia, na msipofanya hivyo mraba wenu utageuka kuwa ukanda mwembamba.

Shida ya pili ni kwamba bahati nasibu haijui ua wala mto. Safari yetu ya tatu nukta iliangukia ndani ya shamba lililozungushiwa seng'enge, mita 140 hivi kutoka barabarani, na mwenzetu mmoja, ambaye hakubali kushindwa na kitu, alikwisha kuegemeza baiskeli yake kwenye nguzo akitafuta penye mwanya. Mwenye shamba alitoka, akatutazama, akauliza tumepotelewa na nini. Jaribu wewe kumweleza mtu wa namna hiyo habari za soko la hisa la New York! Tangu siku ile tuna sharti ambalo halijadiliwi: mahali pa kukutana ni sehemu ya njia ya umma iliyo karibu zaidi na nukta, ambapo baiskeli inafika bila kubebwa. Atakayetaka kuigusa nukta yenyewe aombe ruhusa kwanza.

Saa tumeisogeza hadi saa nne asubuhi, ili anayepata pancha asikutwe na giza njiani. Soko la hisa halifunguliwi Jumamosi wala Jumapili, hivyo nukta za siku zote mbili hutokana na namba ya Ijumaa, nanyi mnakuwa na usiku mzima wa kuikagua ramani na kuamua kama njia inataka tairi nyembamba au pana.

Lakini lililonifanya nikuandikie kwa kirefu namna hii ni malalamiko yako ya mwezi uliopita, kwamba wenye kasi wanatangulia na wanaoanza wanaachwa mpaka wanakata tamaa. Katika mchezo huu hakuna msafara. Kila mtu anatoka kwake kwa saa anayoijua mwenyewe, kwa njia anayoiweza. Kinachotakiwa ni kuwapo penye nukta saa nne. Mwenye mwendo wa pole hutoka saa moja, mwenye haraka hutoka saa tatu, nao hufika pamoja, na mara nyingi yule wa pole ndiye anayemwonyesha mwenzake njia ya mkato aliyoigundua. Kwetu mzee mmoja ambaye sikuwahi kumwona hadi mwisho wa safari yoyote ya kundi sasa hufika wa kwanza, na tunamkuta amekwisha kukaa chini ya mti, pampu ikiwa magotini, tayari kwa atakayeihitaji.

Onyo moja tu: msikubali kukokotoa upya pale nukta isipopendeza. Mkianza hivyo, mwenye sauti kubwa ndiye atakayechagua mahali, na mtarudi mlikotoka. Kama nukta imeangukia ziwani, nendeni ufukoni. Kama njia yote ni ya hatari, ahirisheni hadi Jumapili, ambayo ina nukta yake.

Amueni kwanza mahali pa katikati, kisha unitumie latitudo na longitudo yake kwa desimali tano. Nitakokotoa Ijumaa jioni, nawe ukokotoe kwako, tuone kama majibu yetu yanalingana kabla hujawatangazia wenzako.

Wasalimie wote.

Wako akupendaye,
Rafiki yako wa siku nyingi