Gemu mpya ya RPG inakatakata? Usikimbilie kununua kadi

Gemu kubwa ya RPG (ile ya kuishi maisha ya mhusika na kumkuza) ikitoka Ijumaa, Jumatatu simu ya duka haitulii. Malalamiko yanafanana: inaganda kila ukigeuza kamera, inajifunga yenyewe ukiingia mjini, mapigano yanakatakata mpaka unauawa bila kumwona aliyekupiga. Na karibu kila anayepiga ameshajiandikia dawa, anataka kadi mpya ya picha, kile kifaa cha kompyuta kinachochora unachokiona kwenye skrini. Kadi tunauza, tena tungependa kukuuzia. Lakini kama gemu haijamaliza hata mwezi sokoni, tunakuomba uitulize pochi kwanza tuone ugonjwa uko wapi.

Cyberpunk 2077 ilitoka tarehe 10 Desemba 2020, na kabla wiki mbili hazijaisha Sony walikuwa wameshaiondoa kwenye duka lao la PlayStation. Wachezaji wa PC, yaani kompyuta, walikuwa na nafuu, ila nao walipata balaa lao. Faili la sevu, lile linalohifadhi ulipofikia, likizidi MB 8 lilikuwa linaharibika, na safari yote ya mhusika wako inakwenda na maji. Walioumia zaidi ni wale wenye tabia ya kuokota kila kitu na kuunda vifaa kwa mamia, maana ndio waliolinenepesha faili. Niambie, kadi gani ingeokoa hapo? Kilichotibu ni sasisho lililotoka kabla mwezi haujaisha. Gemu yenyewe iliendelea kufanyiwa ukarabati kwa miaka, na toleo la 2.0 likatoka Septemba 2023. Aliyesubiri alicheza kitu kizuri zaidi, na kwa bei ndogo zaidi.

Kuna ugonjwa mwingine ambao huwa unawachanganya watu wenye mashine nzito kabisa. Una kadi ya maana, halafu gemu inashtukashtuka: fremu 60 (picha 60 kwa sekunde), ghafla inasimama kidogo, kisha inaendelea. Elden Ring ilipotoka Februari 2022 ilifanya hivyo kwenye PC za kila aina. Mara nyingi chanzo ni sheda, yaani vile vijiprogramu vinavyoiambia kadi namna ya kuchora mwanga, moshi, maji na ngozi. PlayStation 5 za kawaida zote zina chipu ya aina moja, kwa hiyo studio inaziandaa sheda mapema, kama fundi cherehani anayeshona sare za shule za saizi moja. PC ni wateja wa vimo tofauti; kila kadi na kila draiva (programu inayoiendesha kadi) inataka kipimo chake, na kazi hiyo inafanyika kwenye mashine yako. Studio makini hukuwekea hatua ya kuandaa sheda kabla ya kuanza kucheza. Isipofanya hivyo, sheda inaandaliwa palepale joka linapotema moto kwa mara ya kwanza, na wewe unaganda. Kwa hiyo ukiona ule mstari wa maandalizi mwanzoni, usiuruke, hata ukichukua muda. Na ukibadilisha draiva, tegemea kuuona tena.

Dragon's Dogma 2 ilileta kesi ya tatu, Machi 2024. Porini gemu inakwenda vizuri, ukiingia mji wa Vernworth fremu zinaporomoka. Capcom, watengenezaji wake, walieleza wenyewe kwamba kila mhusika aliye karibu nawe anakula nguvu kubwa ya prosesa, ile chipu kuu inayofanya hesabu za kompyuta. Aliyebadilisha kadi kwa ajili ya mji ule alitupa hela yake. Hili unaweza kulipima nyumbani bila fundi: nenda sehemu inayokusumbua, shusha rezolusheni (wingi wa nukta za picha) mpaka ya chini kabisa, kisha angalia fremu. Zikipanda sana, kadi ndiyo iliyokuwa imelemewa. Zikibaki palepale, mzigo uko kwenye prosesa, au gemu yenyewe imetengenezwa vibaya, na hapo kadi mpya haitakusaidia.

Sisemi kadi haihusiki kamwe. Gemu za miaka ya karibuni zinajaza GB 8 za kumbukumbu ya kadi bila aibu, na Hogwarts Legacy ya 2023 iliwafundisha wengi jambo hilo. Dalili yake ni kuta na nguo zinazokuja na ukungu kisha kukaa sawa baadaye, pamoja na mikwamo ukiingia eneo jipya. Jaribu kushusha tekscha, yaani ubora wa picha zinazovishwa kuta na nguo, ngazi moja. Tofauti kwa macho ni ndogo, na mara nyingi mkwamo unakwisha.

Sasa hili lisomwe polepole na wenye prosesa za Intel za kizazi cha 13 na 14 kwenye kompyuta za mezani, hasa i7 na i9. Kuna ujumbe wa kosa unaodai kumbukumbu ya kadi imekwisha, mara nyingi gemu ikiwa bado inaandaa sheda. Mteja anaona neno kadi, anabadilisha kadi, na kosa linarudi vilevile. Kwenye prosesa hizo mkosaji anaweza kuwa prosesa yenyewe. Mwaka 2024 Intel walikiri kwamba zilikuwa zikidai volti kupita kiasi, wakatoa marekebisho yanayoingia kupitia BIOS (programu ya msingi inayoiwasha kompyuta) na kuongeza dhamana kwa miaka miwili. Iliyokwisha kuharibika haiponi kwa sasisho, inabadilishwa. Sasisho la BIOS tunakufanyia hapa dukani. Usilijaribu nyumbani siku ambayo umeme unakatika na kurudi.

Mengine ni ya kawaida na yanakwisha haraka. RAM, kumbukumbu ya kazi ya kompyuta, ya kijiti kimoja badala ya viwili. Laptop inayochezewa bila chaja. Vumbi kwenye feni, na kwa joto la Dar ya Januari prosesa inajipunguzia kasi yenyewe isiungue. Gemu iliyowekwa kwenye diski ya zamani ya kuzunguka, wakati Starfield na Baldur's Gate 3 zinataka SSD, diski ya kasi isiyozunguka. Hiyo ya pili inaomba nafasi ya GB 150.

Gemu zilizochakachuliwa, yaani nakala za wizi, hatuzigusi, na si kwa sababu ya sheria peke yake. Zinakwama kwenye toleo la siku ya kwanza, lile lile bovu, wakati aliyenunua ameshapata masasisho kadhaa.

Ukinunua Steam, duka la mtandaoni la gemu za PC, kumbuka unaweza kuomba kurudishiwa hela ndani ya siku 14 kama hujavuka saa 2 za kucheza. Muda wa kuandaa sheda gemu ikiwa imefunguka nao unahesabiwa, kwa hiyo usiiache inazunguka huku umekwenda kula. Bando lililopakua gemu nzima, hilo harudishi mtu.

Uchunguzi wa kwanza hatutozi. Ukija, usiifute gemu, piga picha ujumbe wa kosa kwa simu, na nakili mafaili yako ya sevu kwenye flashi kabla hujatoka nyumbani. Mwenye laptop aje na chaja yake halisi, si ya kuazima. Zile zenye wati pungufu tumeshaziona zikiilaza gemu isiyo na tatizo lolote.