Barua kwa Rukia: visiwa viwili vinatutosha

Vuga, Unguja

Shoga yangu Rukia,

Asalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, na mguu wa mama umeshapoa. Huku sote hatujambo, ila joto la mwezi huu halisemeki. Umeme ukikatika usiku tunahamia barazani na mikeka yetu.

Nimeusoma mpango wako wa safari ya visiwa vya Komoro mwanzo mpaka mwisho, tena kalamu mkononi. Ngazija, Mwali, Nzwani na Maore, visiwa vinne kwa likizo moja! Mwenzangu, unakwenda kuvitembelea au kuvihesabu? Nakwambia mapema ili usije ukakata tiketi: tuache viwili, tubaki na viwili. Usininunie, nisikilize kwanza.

Nianze na Maore, maana hiyo kuifuta si kazi. Najua kwenye ramani iko pale pale, kilomita 70 hivi kutoka Nzwani. Lakini ile ni Ufaransa. Wenzao watatu walipojitangazia uhuru Julai 1975, Maore ilibaki na Wafaransa, na tangu 2011 ni mkoa wao kamili. Kuingia kunataka viza yao, na tangu 1995 hata Mnzwani mwenye dada yake Maore haruhusiwi kwenda bila hiyo viza. Ndiyo maana watu wanavuka usiku kwa vile vimashua wanavyoviita kwasakwasa, na wengi wamekwishia baharini. Mie roho yangu hainipi kwenda kuota jua upande wa pili wa maji hayo. Isitoshe, kimbunga Chido cha Desemba 2024 kiliwaezulia mapaa na kuangusha mitaa mizima.

Kioja cha Maore, hata ukienda hukioni. Mei 2018 ardhi ilianza kutetemeka, watu wakawa wanalala nje kwa hofu, na mwaka uliofuata wataalamu wakaukuta mlima wa volkano wa zaidi ya mita 800 umeota chini ya bahari, kiasi cha kilomita 50 mashariki ya kisiwa. Umepewa jina la Fani Maore. Mlima mzima, na juu ya maji hakuna hata povu la kuonyesha.

Nzwani ndiyo inayoniuma. Mutsamudu ungeipenda, vile vichochoro ungedhani uko Mkunazini. Kuna mito, kuna mashamba ya mlangilangi ambao maua yake huchumwa alfajiri na kukenekwa mafuta ya manukato. Na kuna Domoni, ambako Desemba 1952 mvuvi alimvua silakanti, yule samaki wa kale ambaye wataalamu walikuwa wamempata mara moja tu, Afrika Kusini mwaka 1938. Dunia ilishangaa, wavuvi wa huko walikuwa wakimjua zamani, wanamwita gombesa, na wala hawamsifii utamu. Lakini Rukia, kila kuvuka kisiwa ni siku imekwenda. Ndege ndogo inaahirishwa, boti inangoja abiria au inangoja bahari itulie, nawe umekaa juu ya begi lako bandarini. Tukivuka mara tatu, likizo yetu tutaimaliza kwenye mabenchi.

Basi tubaki na Ngazija yenyewe na Mwali.

Ngazija ndicho kisiwa kichanga kuliko vyote vinne, na uchanga wake unauona tangu Hahaya ndege inapotua: lava nyeusi mpaka pwani, imeganda kwa mikunjo, na minazi imeota katikati yake. Kuta za nyumba mawe meusi, kuta za mashamba mawe meusi. Jambo litakalokushangaza ni kwamba mvua inanyesha kwa wingi na bado hakuna mto. Jiwe lile lina matundu, maji yanazama yote. Kwa hiyo watu wanakinga mvua. Kwa khalati yangu kule Ntsudjini, paa lote la bati limeelekezwa kwenye birika la saruji pembeni mwa jiko, na juu ya tundu la kuingizia maji kumefungwa kitambaa cha zamani cha kanga kuchuja majani. Kikombe cha kuchotea kina msumari wake ukutani, na ole wako ukirudishe mahali pengine. Mwaka 2005 volkano ya Karthala ilipotema majivu, yaliingia kwenye mabirika ya vijiji vingi, watu wakawa na maji wasiyoweza kuyanywa. Ukioga kwa khalati, oga kwa adabu.

Karthala ndio mlima wenyewe, mita 2,361, na uko hai kwelikweli. Mara ya mwisho ninayoikumbuka kusikia umetoa moto ni Januari 2007. Usidhani hatari yake daima iko kileleni: mwaka 1977 lava ilipasua ubavuni, chini kabisa, ikaingia kijiji cha Singani na kuzika nyumba. Tutapita hapo kwa gari, ukaone.

Nataka tuupande. Njia ya kawaida inaanzia Mvouni, juu kidogo ya Moroni. Kwanza migomba na mashamba, halafu msitu wenye ukungu na kuvu kwenye magogo, halafu miti inafupika mpaka inakuwa vichaka vya kukufika kiunoni, kisha ghafla huna kitu mbele isipokuwa bonde la volkano, kilomita tatu kwa nne hivi, kijivu na jeusi, na ndani yake shimo jingine. Watu hulala huko huko na kushuka asubuhi. Kuna baridi, Rukia! Wewe unayevaa sweta Lushoto mchana utakuja kunikumbuka. Maji njiani hakuna, kila mtu anabeba ya kwake, na bila kiongozi wa kijijini hatuendi, maana ukungu ukishuka hata mbuzi wanapotea.

Mwali ni kinyume chake. Kidogo, kimya, kijani, magari ya kuhesabu. Upande wa kusini, mbele ya Nioumachoua, kuna visiwa vidogo vidogo vilivyowekwa chini ya hifadhi ya bahari tangu 2001. Lakini mie nakupeleka Itsamia. Huko kasa wanapanda pwani kutaga usiku, na wanakijiji wenyewe ndio walinzi na ndio waongozaji. Unakaa gizani, tochi imezimwa, hamna kuzungumza, kwa sababu kabla hajaanza kutaga akistuka anageuza na kurudi majini. Kwanza anafukua kwa mapezi ya mbele, mchanga unakupiga usoni. Halafu anatulia, na yale mapezi ya nyuma yanaanza kazi kwa zamu: la kulia linachota teko la mchanga na kuliweka kando, la kushoto linafuata, hata halioni linachochimba, na shimo linatoka limesimama wima kama mtungi. Mayai yanadondoka mawili matatu kwa pamoja, yapata mia. Akishaanza kutaga ndipo kiongozi anawaruhusu kusogea, mnasikia pumzi yake nzito. Kisha anafukia, na kufukia kwenyewe kunamchukua muda kuliko kutaga.

Na ukitaka popo wale wakubwa wenye mabawa ya zaidi ya mita moja, Mwali wapo pia. Hawapatikani popote duniani isipokuwa huko na Nzwani, kwa hiyo kwa hao, kuiacha Nzwani hakukupunji kitu.

Sasa wakati. Umeandika Agosti, mie nasema Septemba. Julai na Agosti ndio msimu wa ada, zile harusi kuu, na Wangazija wote wa Marseille wanarudi kuoa, kuoza na kuonekana. Nauli zinapanda, magari yote yamekodiwa, na khalati hatatuachia mlima mpaka tumemaliza shughuli za ukoo. Mvua kubwa zinaanza Novemba. Septemba katikati, kusi linakuwa limeanza kulegea, na nyangumi bado wapo bahari ya Mwali. Kutoka Dar ni saa moja na ushei kwa ndege, hata usingizi haukolei.

Pesa beba yuro taslimu. Faranga ya kwao imefungwa kwenye yuro, 492 kasoro kidogo kwa yuro moja, hivyo hakuna wa kukuzungusha kwa bei ya leo na bei ya jana. Kadi ya benki usiitegemee, hasa Mwali. Nguo za kuogelea njoo na zile za mikono mirefu, huko ni kama kwetu.

Mpangilio nimeufikiria hivi: tukifika, siku mbili kwa khalati bila ubishi, tule mataba yake, kile kisamvu cha huko, na tuzuru Itsandra, alikozaliwa Sayyid Ahmed bin Sumeit kabla ya kuja kuwa kadhi hapa Unguja. Kisha Mwali mara moja. Mlima tuuache mwisho. Najua utasema mlima uje kwanza tukiwa na nguvu, lakini fikiri: boti ikitukwamisha Mwali, tutapoteza mlima, ndege ya kurudi haitatuacha. Tukigeuza, tutakwama Mwali huku tiketi zinaungua.

Pasi yako angalia tarehe, ile ya mwisho nakumbuka ilikuwa inakaribia kuisha. Na nijibu kwa ujumbe wa simu kabla ya Ijumaa, khalati anataka kujua ni wageni wangapi, maana amesema kama wewe unakuja anapaka chokaa chumba cha uani.

Msalimie mama sana.

Wako,
Salma