Makisio ya tumbaku yasifutwe, yamfunge na mnunuzi

Mheshimiwa Waziri wa Kilimo,

Salaam kutoka Urambo. Nakuandikia wakati marobota ya mwisho ya tumbaku ya msimu yanamsubiri mteuzi, yule anayeipanga kwa madaraja ya ubora, ghalani, na kijiweni maneno ni yale yale: makisio, yaani kilo ambazo mkulima ameandikiwa kulima na kuuza, yafutwe, kila mtu alime anavyoweza. Wanaosema hivyo si wavivu. Ni watu wenye mabani ya kukaushia tumbaku na madeni, wanaouliza kwa nini mtu mwingine awapangie kilo za kuvuna kwenye ardhi yao. Naomba usiwakubalie. Naomba pia usiwapuuze, kwa sababu lililowafikisha hapo nimeliona nyumbani kwetu.

Msimu mmoja baba yangu aliingia mkataba, kupitia chama cha msingi cha ushirika, wa kilo 1,200. Mvua ikawa nzuri, mbolea ikafika kwa wakati, jambo ambalo halitokei kila mwaka, na majani yakatanuka mpaka tukaazima bani la jirani. Alipomaliza kukausha alikuwa na kilo kama 1,650. Zile 1,200 zikauzwa. Zilizobaki mnunuzi akasema hazimo kwenye mkataba, hakuzigusa. Zikaja kulala chumba cha watoto, zimefungwa kwa majafafa, yale magunia ya kufungia tumbaku, na mama akawa anazigeuza kila asubuhi zisishike ukungu. Mwezi wa tisa ikaja Fuso usiku. Mwenye Fuso alitoa bei isiyofika nusu ya ile ya sokoni, tena kwa kunong'ona. Baba akauza. Kwa kuuza vile akahesabika mtoroshaji wa tumbaku aliyoilima mwenyewe.

Mwaka uliofuata mambo yakageuka. Mbegu zilikuwa zimeshamwagwa kwenye vitalu, kuni za bani zimeshakatwa, mkopo wa pembejeo umeshaandikwa, ndipo tukaambiwa makisio ya chama yamepunguzwa. Miche tuling'oa tukatupa. Mkopo haukupungua hata shilingi, na kwa kuwa wanachama wanadhaminiana, deni la aliyeshindwa lilikatwa kwenye malipo ya aliyeweza.

Mheshimiwa, kikomo chenyewe hakikutuumiza. Kilichotuumiza ni kwamba kilimfunga mkulima peke yake. Mkulima akizidisha, hapokelewi. Mnunuzi akipunguza, anatuma taarifa.

Hata hivyo tumbaku si mahindi. Mahindi yakizidi utasaga, utawapa kuku, utamuuzia jirani debe. Tumbaku iliyokosa mnunuzi hailiwi na mtu wala mbuzi. Wanunuzi wetu wakubwa wanahesabika kwa vidole, na kilo nyingi zimekaushwa kwa miti ambayo haitarudi hivi karibuni. Msimu wa 2022/23 nchi ilivuna zaidi ya tani 120,000, na tulifurahi kwa sababu wanunuzi waliongezeka. Siku wakipungua, bila makisio, nani atajua ni tani ngapi zimebaki bila mwenyewe? Tena tusidanganyane: wapo wakulima wenzangu wanaomwaga vitalu viwili, kimoja cha mkataba na kimoja cha bahati nasibu, halafu wanailaumu serikali.

Wenzetu Wamarekani wameshapita njia hii, na kwa zao hili hili. Tangu mwaka 1938 mkulima wa Kentucky au North Carolina alikuwa na mgawo wake wa tumbaku, lakini mgawo ule ulikuwa na upande wa pili: palikuwa na bei ya chini inayolindwa, na tumbaku isiyopata mnunuzi wa kufikia bei hiyo ilichukuliwa na ushirika wa wakulima kwa mkopo wa serikali. Kikomo kilikuwa ni haki pia, kiasi kwamba mtu aliweza kukikodisha au kukiuza. Mwaka 2004 Bunge lao lilifuta mfumo wote. Hata hapo hawakufuta bure. Mwenye mgawo alilipwa dola 7 kwa kila paundi, yaani karibu nusu kilo, ya mgawo na mlimaji dola 3, kwa awamu za miaka 10, fedha zikitoka kwa kampuni za tumbaku. Pamoja na fidia hiyo, mashamba ya tumbaku yalishuka kutoka karibu 57,000 mwaka 2002 hadi kama 16,000 mwaka 2007. Wengi waliobaki wanalima kwa mkataba wa kampuni, kama sisi.

Sisi tukifuta leo hatuna fidia ya kumpa mtu. Mkulima wa ekari mbili wa Kaliua au Sikonge atabaki na kampuni uso kwa uso, akiwa hana hata ile karatasi inayosema kilo zake zitanunuliwa.

Kwa hiyo nakuomba karatasi hiyo ipewe meno. Makisio yasainiwe kabla ya mbegu kumwagwa, na yakishasainiwa yasipunguzwe. Kampuni ikibadili mawazo, igharamie miche na pembejeo, isimwachie mkulima deni. Mvua ikiwa njema, mnunuzi alazimike kupokea sehemu ya ziada kwa bei ile ile ya daraja, tuseme kilo 10 kwa kila 100 za mkataba, maana hakuna mkulima duniani anayeweza kuvuna namba kamili iliyoandikwa ofisini. Kinachozidi hapo kipelekwe mnadani mchana kweupe, kwenye ghala la chama, mbele ya mteuzi wa Bodi ya Tumbaku, anunue yeyote mwenye leseni. Ile Fuso ya usiku itakosa mzigo.

Huku kwetu vitalu vinaanza kumwagwa mbegu mwezi wa nane. Kama kuna jibu, tunaomba litufikie kabla ya hapo, lisomwe kwenye mkutano mkuu wa chama, wazee wetu wakiwepo.

Wako mtiifu,
Mtoto wa mkulima wa tumbaku,
Urambo, Tabora