Barua kwa Papa, kuhusu shule ya Kadogo

Berlin, Jumapili jioni

Papa,

Jambo sana wewe na Mama. Sisi huku ni wazima, ni baridi tu inatusumbua. Mama asiwe na wasiwasi: unga wa mahindi nimeupata katika duka la Waafrika, na jana nimesonga bukari. Haikushika vizuri, lakini nimeila yote.

Nimesikiliza sauti yako mara mbili, kisha ya Kadogo, ambayo ni ndefu kuliko mahubiri ya Pasaka. Wewe unasema mtoto amepotea, anataka kuacha chuo kikuu mwaka wa kwanza haujaisha. Yeye ananiambia mimi dada yake: "Yaya, diplome njo karatasi tu." Mmenifanya hakimu kati ya aliyenizaa na niliyembeba mgongoni. Ila kwa kuwa kazi anayoitaka, ya kuandika programu za kompyuta, ndiyo inayonilisha, nitasema ninavyoiona.

Nianze na Kadogo, maana hakukudanganya. Tangu nifike hapa hakuna aliyeniuliza nilipata alama ngapi. Siku ya intaviu walinipa tatizo moja na saa moja na nusu, wakakaa pembeni wakinitazama ninavyoandika na kufuta. Kampuni kubwa za kompyuta kama IBM na Google zimeacha kudai shahada kwa nafasi zao nyingi. Paris kuna shule ya programu inaitwa 42, ilifunguliwa 2013: haina walimu, haitozi ada, haiulizi diploma. Na kazi yenyewe ni changa, Papa. Mholanzi mmoja, Edsger Dijkstra, alipofunga ndoa Amsterdam mwaka 1957 aliandikisha kwamba kazi yake ni kuandika programu. Ofisi ikakataa, ikasema hakuna kazi kama hiyo, akaandikwa mwanafizikia. Kwa hiyo usishangae ukiona hata wakubwa wa kazi hii hawakubaliani juu ya vyeti vyake.

Sasa nikueleze jambo lililonipata mimi mwenyewe, ambalo sijamwambia Kadogo kwa sababu atalicheka mwaka mzima. Niliandika programu ya kulinganisha orodha mbili, ya wateja na ya malipo. Nilipoijaribu na majina mia moja ilikwenda kama maji. Tulipoiwasha kwa kweli, kila orodha ikiwa na majina 20,000, ilikaa dakika arobaini bila jibu. Mwenzangu wa meza ya jirani, Mpolandi ambaye hakukanyaga chuo kikuu, alikuja na kikombe chake cha kahawa, akasoma kidogo, akaniuliza: "Kwa kila mteja unaanza tena malipo yote kutoka juu?" Hesabu ni hii: 20,000 mara 20,000 ni ulinganisho milioni 400. Ni kama Mama kutafuta kila deni kwa kufungua daftari lake kutoka ukurasa wa kwanza, wakati angeweza kuweka kila jina mahali pake akaenda moja kwa moja. Tulibadilisha mistari sita. Ikamaliza kabla hajarudi kwenye kiti chake.

Jambo hilo mimi nililisoma, Papa. Nililifanyia mtihani, nikafaulu. Limeandikwa katika daftari langu la kijani ambalo bado liko kwenye sanduku chini ya kitanda chenu. Yeye alijifunza usiku, kwa masomo ya bure ya intaneti, baada ya kutoka kazini kwake ghalani. Tofauti yetu ni kwamba yeye alikuwa amelikuta tatizo hilo mara kumi kabla yangu.

Basi ungedhani nampa Kadogo ushindi. Hapana, na asikilize vizuri hapa.

Anakutajia Bill Gates wa Microsoft aliyeacha chuo kikuu cha Harvard mwaka 1975 na Mark Zuckerberg wa Facebook aliyekiacha 2004. Kwanza, ili uiache Harvard ni lazima wakuchukue. Pili, Gates alianza kugusa kompyuta mwaka 1968, ana miaka 13, kwa sababu shule yake ilikuwa na kifaa chake. Kadogo anaandika programu kwa mashine ambayo betri yake inakufa dakika ishirini baada ya umeme kukatika, na umeme wenu naujua.

Lakini sababu yangu kubwa ni nyingine. Yule Mpolandi alikuja Berlin kwa basi, na kitambulisho mfukoni. Hakuna aliyemuomba karatasi yoyote. Mimi kabla ya viza walitafuta jina la chuo changu katika orodha ya Wajerumani inayoitwa anabin, kuona kama wanakitambua. Nilikaa wiki tatu silali. Ni kweli sheria ililegezwa: tangu Novemba 2023 mtu wa kompyuta asiye na shahada anaweza kupata ile Kadi ya Buluu ya Ulaya, kibali cha kuishi na kufanya kazi huku, mradi athibitishe miaka 3 ya kazi ya kiwango hicho ndani ya miaka 7 iliyopita, na mshahara ufike kiasi walichoweka. Athibitishe, Papa! Yule mwenye duka la dawa kule Kamalondo anayemlipa Kadogo kwa programu yake, mkononi, bila risiti, atamwandikia barua gani? Marekani nako, viza ya kazi inayoitwa H-1B inataka shahada au kinacholingana nayo, na wanahesabu miaka 3 ya kazi kuwa sawa na mwaka mmoja wa masomo. Wanaosema shahada haina kazi wengi wao wana pasipoti inayopita yenyewe.

Na wewe unayajua haya kuliko mimi. Mashine ya kukereza vyuma ulifundishwa na mzee aliyekutangulia, kwa macho na kwa mikono, mpaka vijana wenye diploma wakawa wanakuja kukuuliza. Ulipotoka kazini 2003, kampuni mpya zilikuomba karatasi. Nilikuwa mtoto, lakini nakumbuka ulivyorudi ukakaa nje bila kuvua viatu. Ndiyo maana nikisikia hasira yako kwa Kadogo, najua haianzii kwake.

Kwa hiyo naomba hivi. Amalize miaka mitatu ya licence, shahada ya kwanza; minervali, ada yake, nitalipa mimi, usiuze kitu. Ila nawe usimuulize tena kwa nini anakaa na mashine usiku, kwa sababu kazi ataijifunza hapo. Pesa ya betri na paneli ndogo ya jua nitamtumia mjomba wiki ijayo, nyingine ni ya dawa ya Mama, msizichanganye. Akipata mteja, hata wa dola ishirini, aandikiane naye na apige muhuri.

Mwambie pia programu yake ya duka la dawa nimeisoma. Ni nzuri, nimejivuna. Lakini katika mstari wa 212, kwa kila dawa anayouza, anaanza tena ghala lote kutoka juu. Asinipigie simu kabla hajaparekebisha.

Nisalimie wote nyumbani, na jirani wa kushoto.

Binti yako