YAH: MALALAMIKO KUHUSU MASHINE ZA KUCHAJIA MAGARI YA UMEME ZILIZOKUFA AMBAZO RAMANI YENU INASEMA NI NZIMA

Ndugu Mkurugenzi,

Nimepokea jibu lenu kwa malalamiko yangu ya kwanza: "Tunasikitika kwa usumbufu uliojitokeza, tafadhali hakikisha programu yako ni toleo jipya." Programu yangu ni toleo jipya. Naomba barua hii isomwe na mtu mwenye mamlaka, tena aisome mpaka mwisho, kwa sababu jibu la aina ile sitalipokea mara ya pili.

Sera yenu ya huduma kwa wateja mnaijua, sina haja ya kuwakariria. Kumbukumbu za mashine mnazo, na simu zangu mlizirekodi. Kwa hiyo naenda moja kwa moja kwenye usiku ule wa Jumamosi, kwenye kituo chenye mashine nne.

Ramani iliyo kwenye programu yenu ilionyesha zote nne zina alama ya kijani na neno "Inapatikana". Nilifika betri ikiwa chini ya asilimia 10, na hapakuwa na gari jingine. Mashine ya kwanza skrini yake ilikuwa nyeusi tii. Ya pili ilisoma kadi, ikashikilia amana kwenye akaunti yangu, ikaandika kwamba inawasiliana na gari, halafu ikaandika "Hitilafu". Ya nne plagi yake ilikuwa imepasuka. Kwa mtu anayejali usalama wake haichomeki. Ya tatu ndiyo iliyonitia moyo. Ilisoma kadi, ikaongea na gari, ikaanza kutoa umeme, kisha ikaganda. Tarakimu zikasimama, umeme ukakatika, na plagi ikang'ang'ania kwenye gari, haitoki.

Nikapiga namba ya msaada mliyoibandika kwenye mashine. Baada ya muziki mrefu akapokea dada mmoja, akaniuliza namba ya mashine, akaitazama kwenye kompyuta yake, akasema, "Kwetu huku mashine hiyo inaonekana nzima." Nikamwambia nimesimama mbele yake, imeganda. Akasema, "Basi jaribu kituo kinachofuata."

Gari langu lilikuwa limefungwa kwenye mashine yenu kama mbuzi kwenye kigingi, na mwakilishi wenu ananiambia niende kituo kinachofuata.

Na kabla fundi wenu hajaniandikia kwamba pini inayoshika plagi ni ya gari, si ya mashine, nasema mapema kwamba hilo nalijua. Gari hushika plagi wakati umeme wa nguvu unapita, kwa usalama wa mtu aliyesimama pale. Lakini gari linasubiri mashine iseme kikao cha kuchaji kimekwisha, na mashine iliyoganda katikati haisemi kitu. Nilifunga na kufungua milango kwa ufunguo. Nilisimamisha chaji kutoka ndani ya gari. Nilibonyeza kitufe chekundu cha dharura cha mashine yenu. Plagi haikutoka. Kilichobaki ni kuiwasha upya mashine kutoka ofisini kwenu, jambo ambalo linawezekana, na nitaeleza jinsi nilivyokuja kujua kwamba linawezekana.

Kwanza lazima niseme kuhusu asubuhi ya siku hiyohiyo, kwa sababu mnaweza kudhani usiku ule ulikuwa bahati mbaya. Haukuwa. Kituo chenu cha kwanza njiani kina mashine iliyoandikwa kilowati 150 kwa herufi kubwa ubavuni. Ilinipa chini ya robo ya hizo. Najua gari hupunguza kasi ya kuchaji betri inapopita asilimia 80. Yangu ilikuwa chini kabisa, mahali ambapo hupokea umeme mwingi kuliko wakati wowote. Najua pia mashine mbili zinaweza kugawana umeme wa kabati moja linalozilisha. Upande wa pili hapakuwa na gari. Dereva niliyemkuta pale akaniambia mashine ile ina hali hiyo tangu zamani na ameshaitolea taarifa. Hakuna aliyekuja. Ni kwa sababu ya uvivu wa mashine ile ndiyo nilichelewa, na kwa sababu nilichelewa ndiyo nikafika kituo cha pili giza likiwa limeingia. Vituo vyenu ni mnyororo. Mnapoacha kimoja kibovu mnaharibu safari nzima, si kituo hicho tu.

Hiki ndicho ninachotaka mkielewe kuliko vyote. Mtu anayechaji nyumbani kwake hawahitaji sana. Mtu aliye safarini anawakabidhi safari yake. Anaangalia ramani yenu, anaona kijani, anapiga hesabu ya kilomita, anakipita kituo cha kampuni nyingine akiwa na chaji ya kutosha kuingia pale, kwa sababu mmemwambia mbele kuna mashine nne nzima. Alama yenu ya kijani ndiyo iliyoamua nifike pale na asilimia ile ya betri. Kama mngeweka alama nyekundu, au mngeandika tu "hatuna uhakika", nisingekipita kile kituo kingine. Mashine mbovu navumilia, vyombo huharibika. Mashine mbovu iliyotangazwa kuwa nzima siivumilii.

Na mnajua inatokeaje. Mashine ikiwa na mawasiliano na seva, na yenyewe haijaripoti hitilafu, na haina gari lililochomekwa, mfumo unaiandika "Inapatikana". Hakuna mahali mfumo unapouliza swali la maana: lini mara ya mwisho mashine hii ilichaji gari la mtu mpaka mwisho? Jibu mnalo ndani ya kumbukumbu zenu. Mashine ambayo kila anayechomeka anakataliwa baada ya sekunde chache inajulikana kwa kuangalia orodha ya vikao vyake tu. Haihitaji fundi kusafiri. Mmechagua kutoangalia.

Msijitetee pia kwamba tatizo hili ni la sekta nzima. Hilo nalijua, na haliwaondolei lawama. Mwaka 2022, watafiti wakiwemo wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walizunguka eneo la Ghuba ya San Francisco wakakagua plagi 657 za kuchaji haraka. Hawakusoma ramani za kampuni. Kipimo chao kilikuwa gari: linachaji kwa dakika 2 au halichaji? Zilizofanya kazi zilikuwa asilimia 72.5, ilhali kampuni zenyewe zilikuwa zikitangaza asilimia 95 hadi 98. Tofauti hiyo ndiyo niliyosimama ndani yake Jumamosi usiku. Tangu hapo wenye kutunga sheria wameamka. Marekani, kanuni za mwaka 2023 kwa vituo vinavyojengwa kwa fedha za serikali kuu zinataka kila plagi iwe hai zaidi ya asilimia 97 ya mwaka. Uingereza, kanuni za mwaka huohuo zinataka mtandao wa mashine za haraka ufikie asilimia 99, na pawe na namba ya simu ya bure yenye mtu saa 24. Hata hiyo 97, mkiipigia hesabu, inaruhusu plagi kulala siku kama 11 kwa mwaka. Ni kipimo cha huruma. Ninyi hamjatangaza kipimo chochote, na kwa mashine nilizoziona naelewa kwa nini.

Narudi kwenye simu ile, kwa sababu kila nikiikumbuka napandwa na hasira upya, na kwa sababu mara ya kwanza sikuwaeleza yote.

Sikuwa peke yangu garini. Nilikuwa na mama yangu, mtu mzima mwenye presha, tunarudi kutoka kumtazama ndugu mgonjwa. Nilikuwa nimezima kiyoyozi na kila kinachokula umeme. Taa za kituo chenu haziwaki, isipokuwa ile moja ya tangazo la jina lenu. Nikiwa kwenye simu mama akateremsha kioo, akasikia kila neno, kwa sababu niliweka sauti ya nje ili nipate mikono ya kuivuta plagi.

Dada yule aliposema "jaribu kituo kinachofuata", nikamjibu kwa adabu, nanyi mnayo sauti: "Dada yangu, gari haliwezi kuondoka. Plagi yenu imelishika." Akanyamaza. Kisha akauliza, "Una uhakika umechomeka ipasavyo?" Nikamwambia plagi imeingia ipasavyo mno, tatizo ni kutoka. Akaniambia nisibonyeze kitufe chekundu, nikiharibu mashine nitalipishwa. Nikamwambia nimeshakibonyeza, kipo pale kwa ajili ya dharura, na hii ni dharura. Akasema, "Kwetu bado inaonekana nzima." Mara ya pili. Mtu anamwambia gari limenaswa, kuna mgonjwa ndani, ni usiku, na yeye anaiamini kompyuta. Nikaomba aniunganishe na msimamizi. Simu ikakatika. Hakupiga tena, ingawa namba yangu iko kwenye akaunti yangu kwenu.

Mama akaniuliza, "Mwanangu, hawa watu wanajua kama tuko hapa?"

Sikuwa na jibu la kumpa mama yangu. Nawapa ninyi swali hilo, mlijibu.

Nilipiga tena na kurudishwa mwisho wa foleni. Safari hii akapokea kijana ambaye, bila kuulizwa mara mbili, alisema, "Ngoja niiwashe upya." Skrini ikazima, ikawaka, pini ikalia, plagi ikatoka. Kazi yote haikumchukua muda wa kumaliza wimbo mmoja wa ule muziki wenu. Kwa hiyo iliwezekana. Iliwezekana tangu simu ya kwanza. Kama yule dada hakufundishwa, kosa ni lenu. Kama alifundishwa akakataa, kosa ni lenu pia. Kijana yule namshukuru, na naomba shukrani hii iingie kwenye faili lake.

Lakini baada ya kuachiwa, betri haikuwa na uwezo wa kufika popote. Mashine ile ilipowaka upya ilikataa kuanza tena kuchaji. Tukasubiri gari la kuvuta. Mama alipata usingizi alfajiri, kwenye kiti cha mbele cha lori la mtu asiyemfahamu. Na asubuhi, nilipofungua programu yenu, zile mashine nne zote zilikuwa bado kijani. Nilikuwa nimewapigia simu, nimeripoti kwa njia ya programu, nimetuma picha ya plagi iliyopasuka, na bado mnamwita msafiri mwingine aingie mtegoni. Picha ya skrini ninayo, ina tarehe na saa.

Sasa madai yangu. Nilipoanza kuandika nilitaka kuomba mambo mawili: amana zangu mlizozishikilia kwenye mashine ya pili na ya tatu zirudishwe, na gharama ya gari la kuvuta mlipe ninyi. Hayo bado nayataka, ila siyaombi tena, nayadai. Kushikilia fedha ya mtu kwa umeme ambao hamkumpa halina jina zuri, na benki yangu nimeshaiuliza utaratibu wa kupinga miamala hiyo.

Nadai pia kila mashine ya kituo kile iondolewe kijani leo hii, na ibaki hivyo mpaka fundi aichomeke kwenye gari halisi na kuona linachaji. Si kuiwasha upya akiwa ofisini na kuondoka zake. Na ramani iwe inaonyesha, kando ya kila mashine, saa ambayo mara ya mwisho gari lilichaji hapo bila kukatika. Takwimu mnayo, gharama yake ni ndogo, na jambo hilo moja tu lingeniokoa usiku ule.

Nadai kila anayepokea simu ya msaada awe na uwezo wa kuiwasha upya mashine na amri ya kufanya hivyo mara moja, gari linaponaswa, kabla hajauliza swali lolote la kama nimechomeka ipasavyo.

Na nadai barua ya kuomba radhi, iliyosainiwa na wewe mwenyewe Mkurugenzi, iandikwe kwa mama yangu. Si kwangu. Isiwe na neno "usumbufu". Ieleze kwamba aliachwa gizani kwenye kituo chenu na kwamba mliambiwa mkakatisha simu.

Nawapa siku 14 tangu mtakapoipokea barua hii, nami nitakuwa na uthibitisho wa kupokelewa. Nikipata kimya, au jibu la kuniambia nisasishe programu, nitapeleka malalamiko rasmi kwa mamlaka inayowalinda watumiaji na kwa ile inayosimamia nishati, pamoja na picha, kumbukumbu za simu na ombi la kisheria kwamba mtoe sauti mlizorekodi. Nitafungua shauri la madai, na humo sitadai gharama ya gari la kuvuta peke yake. Nitadai fidia kwa mgonjwa niliyekuwa naye. Na wamiliki wenzangu wa magari ya umeme, ambao wengi wao wana picha kama zangu, nitawaalika tuungane katika shauri moja. Wawili wameshaniambia wako tayari.

Nakala ya barua hii ninaipeleka pia kwa mwenye eneo mlilopangishiwa kituo hicho, ajue ni nini kinafanyika uwanjani kwake usiku.

Nasubiri jibu lenu kwa maandishi. Simu msinipigie.

Wenu katika madai haya,

Mteja mwenye akaunti kwenu
(Saini, namba ya akaunti na viambatisho vimo ndani ya bahasha)