Zege linalojiponya, na ile ndoo ya pili

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nalisoma tangu 1988 na sijawahi kukuandikia, hata ile mara mlipokosea saa ya futari. Lakini taarifa yenu ya wiki iliyopita kuhusu zege linalojiponya imenikosesha usingizi siku mbili, na mke wangu kaniambia ama niandike ama ninyamaze.

Na sayansi yenyewe sina ugomvi. Waholanzi wamelaza bakteria ndani ya zege. Ufa ukitokea na maji yakapenya, bakteria wanaamka na kutengeneza chokaa ya kuuziba. Sawa. Wamarekani wa chuo cha MIT walieleza mwaka 2023 kwamba yale madonge meupe ya chokaa kwenye zege la Warumi hayakuwa uzembe wa kuchanganya, bali ndiyo yanayoyeyuka maji yakipita na kuziba nyufa. Sawa tena. Kuba la Pantheon, lile hekalu la kale la Roma, lina upana wa mita 43 na linakaribia miaka 1,900. Nimefurahi kwa niaba yao. Ila mwandishi wenu akatoka Roma kwa hatua moja akatua kwetu pwani, akaandika kwamba majengo yetu yanamomonyoka kwa kukosa "malighafi za kisasa". Hapo chai ilinipalia.

Warumi hawakuweka nondo, Mhariri. Mbona hilo halikuandikwa? Nendeni Tongoni, kusini mwa mji huu wa Tanga, mkaone kuta za msikiti wa mawe ya matumbawe na chokaa ya kuchomwa tanuuni, zina karne kadhaa za kupigwa na upepo wa chumvi na bado zipo. Hazina chuma tumboni. Sisi tunaweka chuma, na lazima tuweke, maana slabu haisimami kwa dua. Lakini chuma kikifikiwa na chumvi kinapata kutu, na kutu inavimba mara mbili na zaidi ya chuma chenyewe, inalipasua zege kutoka ndani. Dawa yake inajulikana tangu sijaanza kazi: mchanga usiwe wa baharini, nondo ifunikwe vizuri, inchi mbili hivi kwa sisi tulio karibu na maji, na zege lisizidishiwe maji. Hakuna hata moja hapo linalohitaji bakteria.

Mwaka 2009, nikiwa nimeshastaafu, niliwekwa kwenye kamati ya kujenga madrasa ya ghorofa, mwendo wa dakika tano kutoka baharini. Mchanga uliletwa usiku. Asubuhi niliuchota kiganjani, nikaulamba: chumvi tupu. Mkandarasi akacheka, "Mzee, unaonja mchanga kama mchuzi?" Siku ya kumwaga slabu hakuna vibreta, zile mashine za kutikisa zege lishindiliwe, jua la saa saba linachoma, vibarua wanalipwa kwa slabu na si kwa siku, kwa hiyo kila mtu anataka zege liteleze lenyewe lifike kwenye kona. Mfuko wa saruji wa kilo 50 unataka maji lita 25 basi, yaani ndoo moja ya lita 20 na robo ya nyingine, na mchanga ukiwa mbichi unapunguza. Mimi nilikaa kwenye kivuli cha mwembe nikahesabu: ndoo mbili kwa kila mfuko, na baada ya chakula cha mchana, tatu. "Leta maji, liwe uji!" Uji ukawa uji. Yale maji ya ziada hayageuki kuwa zege, yanakauka na kuacha vitundu, na kwenye vitundu hivyo ndimo chumvi inamopita kama mtu anayeingia kwake. Biskuti, vile vipande vya zege vya kuinulia nondo, hazikuwepo hata moja. Nondo ililala juu ya mbao, kijana mmoja akawa anaivuta juu kwa ndoano, akiiachia inarudi chini. Vile vitofali vya sentimita 15 vya kupeleka maabara kupimwa nguvu ya zege vilichanganywa pembeni, kwa ustadi ambao hata mimi ulinivutia. Niliposema, nikaambiwa nimestaafu. Kumwagilia zege likomae, walimwagilia siku mbili tu. Mwaka 2016 ikaanza michirizi ya rangi ya chai kwenye dari. Mwaka 2021, siku ya Ijumaa, pande la ukubwa wa sinia likaanguka kwenye rafu ya juzuu. Watoto hawakuwepo kwa sababu Ijumaa madrasa inafungwa. Ingekuwa Jumamosi, barua hii ingekuwa ya namna nyingine.

Kipande kimoja ninacho mezani hapa ninapoandika. Kina kombe dogo la baharini ndani yake, zima, hata halikuvunjika. Na nondo ya milimita 12 imebaki kama penseli ya mtoto wa darasa la kwanza. Wakapiga plasta, wakapaka rangi ya kijani. Michirizi imesharudi.

Tena hiyo nondo ya 12, nani aliihakikisha kuwa ni 12? Nina kipimo changu cha vernia, cha kupimia unene, tangu ujana, na mwezi uliopita nilikwenda nacho dukani kumnunulia mwanangu nondo. Iliyoandikwa 12 ilisoma kumi na nusu. Muuzaji akaniuliza kama nimekuja kununua au kukagua. Sukari ikipungua robo kilo mtaa mzima unapiga kelele, ila nondo watu wanabeba tu begani.

Mnaandika pia kuhusu mashine za kuchapa nyumba, na kwamba Malawi walichapa kuta za shule mwaka 2021. Vizuri. Kuta hazijawahi kuwa tatizo letu. Na hao watafiti wetu wa hapa nyumbani, kuna kijana wa chuo alikuja kwenye ile madrasa na nyundo, akachukua vipande kwenye mfuko wa plastiki, akaniahidi majibu. Kama majibu yapo, yapo kabatini, kwa Kiingereza. Fundi anayechanganya zege hajawahi kupewa hata ukurasa mmoja.

Sina haja ya kongamano. Napendekeza hivi: kila eneo la ujenzi ndani ya kilomita moja kutoka baharini liwe na ndoo mbili tu kwa kila mfuko wa saruji. Ya kwanza nzima. Ya pili itobolewe tundu ubavuni kwenye alama ya lita 5, upande wa aliyeibeba, ili kila tone linalozidi limwagikie miguuni. Na mkandarasi akodishe vibreta, maana kijana anayeongeza maji anaongeza kwa sababu mikono yake imechoka, si kwa sababu ni mjinga. Watafiti wakitaka kusaidia, wakae kwenye kivuli cha ule mwembe wakihesabu ndoo.

Ndoo ya kwanza nitaitoboa mwenyewe. Msumari ninao.

Fundi mchundo mstaafu,
Chumbageni, Tanga