Watazamaji walielewa, ndiyo maana walicheka

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji aliyeandika wiki iliyopita kuwalaumu watu waliocheka na kupiga kelele usiku ule vijana wa mtaani kwetu walipoonyesha filamu ya Crash kwenye kiwanja cha skuli. Alisema Wazanzibari tumezoea sinema nyepesi, na filamu yenye visa vingi vinavyoingiliana inatushinda. Mimi nilikuwepo, nimekaa mkekani upande wa wanawake pamoja na mawifi zangu, na ninavyoona mimi watu walicheka kwa sababu walielewa vizuri sana.

Kwa wasioiona, hii ni filamu ya Kimarekani ya mwaka 2004, aliyoiongoza Paul Haggis. Ina waigizaji wenye majina, akina Sandra Bullock, Don Cheadle na Matt Dillon, lakini ilitengenezwa nje ya makampuni makubwa ya Hollywood kwa kiasi cha dola milioni 6.5, fedha ambazo kule huhesabiwa kuwa kidogo. Machi 2006 ikachukua Oscar ya filamu bora, na wenyewe hawajaacha kuigombania. Marehemu Roger Ebert, mhakiki mashuhuri wa Chicago, aliiweka ya kwanza katika filamu za mwaka 2005. Wengine wakasema ni ya kulazimisha mambo. Kwa hiyo ugomvi huu hatukuuanza sisi. Ndani yake hakuna mhusika mmoja mkuu. Wapo polisi, wezi wa magari, mke wa mwendesha mashtaka, fundi wa vitasa, muuza duka wa Kiirani, mpelelezi mwenye mama aliyedhoofika, na wote wanapitiana na kugongana katika mji wa Los Angeles.

Kicheko cha kwanza kilitoka hivi. Usiku, polisi anasimamisha gari na kumdhalilisha mwanamke mbele ya mumewe, kwa kisingizio cha kumpekua. Kesho yake inatokea ajali, mwanamke amenasa ndani ya gari lililopinduka, petroli inamwagika, na anayefika kumwokoa ni polisi yule yule, na mwanamke ni yule yule. Mtu nyuma yangu akasema kwa sauti, "Kha! Mji mzima ule polisi ni huyu tu?" Kiwanja kizima kikacheka. Mwishoni kabisa mama wa bima ya afya, ambaye polisi huyo huyo alikuwa amegombana naye, naye anagongwa gari lake kwa nyuma. Kicheko cha pili kikawa kikubwa kuliko cha kwanza. Hapo ndipo mlalamikaji wetu alipouona ujinga.

Lakini hebu tufikiri. Zanzibar yote, Unguja na Pemba, kwa sensa ya 2022 haifiki watu milioni mbili, na wengi wetu tumejazana Mjini Magharibi. Ukimkanyaga mtu mguu ndani ya daladala asubuhi, jioni kwenye hitma utaambiwa ni shemeji ya mjomba wako. Daktari aliyekutibu alisoma darasa moja na dada yako, na fundi aliyekuharibia bomba ni mtoto wa kungwi wako. Filamu ile imejengwa juu ya huzuni ya mji ambao watu hawagusani. Mpelelezi analisema hilo mwanzoni kabisa, kwamba kule kila mtu yuko nyuma ya vyuma na vioo vya gari. Kwa mtu wa Los Angeles, kugundua kwamba huyu na yule njia zao zimekutana ni kishindo. Kwa mtu wa mtaani kwetu Mwembetanga ni mambo ya kila siku. Mwandishi akiuweka uzito wa kisa kwenye kukutana kwenyewe, sisi tunakuwa tumeshafika zamani na tunamsubiri mbele. Tunataka kujua linalofuata: haya, wamekutana, sasa nani ana deni la nani?

Wala si kwamba sadfa zinatuudhi. Waliokulia kwenye filamu za Kihindi wanaikumbuka Amar Akbar Anthony ya mwaka 1977. Ndugu watatu wanapoteana utotoni, mmoja analelewa Uhindu, mmoja Uislamu, mmoja Ukristo, na ukubwani wanalazwa safu moja kumtolea damu mwanamke wasiyejua kuwa ni mama yao. Damu zao zinapanda juu kwenye chupa moja, kisha zinamteremkia mama. Hakuna daktari duniani atakayeikubali hospitali ile! Na wifi yangu mkubwa akiiona analia mpaka kesho, maana pale kukutana kumebeba haki ya mama kwa wanawe, iliyokaa miaka mingi haijalipwa.

Tena hata katika Crash yenyewe ipo sehemu ambayo hakuna aliyecheka, na mlalamikaji hakuitaja. Fundi wa vitasa ana binti mdogo anayeogopa risasi, kwa sababu mtaa waliohama ulikuwa na risasi. Usiku baba anamtungia hadithi ya joho lisiloonekana, joho lisilopenywa na kitu, kisha anamvisha. Muuza duka wa Kiirani naye alikwisha kuambiwa na fundi kwamba mlango wake ni mbovu, kitasa kipya hakitasaidia. Hakusikia, duka likavunjwa na kuharibiwa, na kwa akili yake aliyemponza ni fundi. Anamfuata nyumbani na bastola. Mtoto anaona dirishani, anakumbuka kwamba joho analo yeye, baba hana. Anakimbia, anamrukia baba yake, na bastola inalia.

Mhariri, kiwanja kilinyamaza hata injini ya jenereta tukaisikia. Mama mmoja pembeni yangu akaanza kusoma dua. Mtoto akawa mzima, na baadaye tukaelewa kwamba binti wa muuza duka, aliyekwenda na baba yake kununua ile bastola, alimchukulia risasi za baruti tupu. Hiyo nayo ni sadfa, tena si ndogo. Mbona hapakuwa na "mji mzima ule"? Kwa sababu pale kila uzi umefungwa kwa mtu. Mtoto anadhani amebaki na kinga ya baba yake, mzee anadhani anadai duka lake, na binti alimhofia baba yake akanyamaza. Visa viwili vimekutana mlangoni kwa yule fundi, na kila mmoja amekuja na dai lake. Kwa dakika zile chache watazamaji wa kwetu Ng'ambo ya mji wa Zanzibar na mwandishi wa Marekani walikuwa kitu kimoja, na watazamaji hao hao ndio waliocheka kwingine.

Mtindo wenyewe wala si mgeni kwetu. Katika Alfu Lela Ulela kuna hadithi ya kibyongo anayepaliwa na samaki nyumbani kwa mshona nguo. Wenyeji wake wanadhani amekufa, wanambwaga kwa tabibu. Tabibu anamgonga gizani, anadhani kaua yeye, anamshusha kwa msimamizi wa jiko la mfalme. Msimamizi anampiga akidhani ni mwizi, kisha anamsimamisha ukutani njiani, na dalali mlevi anapita anampiga tena. Dalali anakamatwa. Kamba iko shingoni, anajitokeza msimamizi: muacheni, nilimuua mimi. Kamba inahamia kwake, anajitokeza tabibu. Kisha mshona nguo. Yeyote kati yao angeweza kunyamaza akaenda zake nyumbani. Ulinganishe na yule polisi kijana wa Crash, aliyempa lifti mdogo wake mpelelezi, akamuua kwa hofu tu, akamtupa kando ya barabara na kulichoma moto gari lake. Hakujitokeza popote. Wanawake wa mkekani waliuliza, "Mbona hasemi?" Mtu anaweza kujibu kwamba ndivyo dunia ilivyo, na mimi sina ubishi mkubwa hapo. Lakini anayeuliza swali hilo ameishika filamu penyewe.

Bibi mmoja wa kiti cha mbele alituambia yale ni majaaliwa, hayana cha kuchekwa. Namheshimu. Ila majaaliwa yana Mwenyewe, na hapa aliyepanga ni mtu na kalamu yake, huyo tunaruhusiwa kumhoji.

Nimebakisha habari ya mtafsiri, ambayo kwangu ndiyo kubwa kuliko zote. Maandishi ya chini yalikuwa ya Kiingereza na madogo, basi kijana mmoja wa mtaani akashika kipaza sauti. Majina ya Kizungu hayakai kichwani watu wakiwa wengi vile, kwa hiyo akaanza kuwaita kwa nasaba: baba mtoto, mke wa bwana wa televisheni, mama yake mpelelezi. Mwizi mmoja wa magari akamwita "mdogo mtu" mapema sana, kabla filamu yenyewe haijasema kwamba ni nduguye mpelelezi. Siri ikavuja palepale. Mwalimu wa filamu angezirai. Lakini tangu hapo kila mama yule alipomsihi mpelelezi amtafute mdogo wake, sisi tulijua mtoto yuko wapi na anafanya nini, na watu wakawa wanapiga kelele kumwambia kaka mtu ageuke. Kelele alizozilalamikia msomaji wako nyingi zilikuwa hizo. Kifo kilipofika hakikumshtua mtu, kiliuma tu. Nasema bila kuficha, filamu ya yule kijana ilikuwa bora kidogo kuliko ya Haggis.

Nayasema haya kwa sababu nawaona vijana wetu wa Unguja na Pemba wanavyoupenda mtindo huu, na ninaelewa kwa nini. Una nafuu kwa mfuko: huna haja ya kumshika mwigizaji mmoja mwezi mzima, kila mtu unampiga picha zake kwa siku chache, mwengine Darajani, mwengine Wete, kisha unawakutanisha bandarini Malindi. Ombi langu ni moja. Kama mchuuzi na nahodha ni ndugu, msitufiche mpaka dakika ya mwisho mkidhani tutaanguka kwa mshangao. Tuambieni mapema, halafu mtuonyeshe mmoja anavyomkimbia mwenziwe.

Na waandaaji wa siku ile, ahsanteni. Mara nyengine msizime mashine mara tu majina yanapoanza kupanda. Wacheni kipaza sauti kizunguke kwa watazamaji nusu saa, kwa sababu mjadala uliendelea getini hadi mlinzi akatufukuza. Mtafsiri abaki yule yule. Mlalamikaji naye akaribie, mkeka upo.

Msomaji wako,
Mwembetanga, Zanzibar